Mluzi

Wapita njia wa Barabara ya Kumi na Sita huniuliza lile lile:
kiti kiko wapi?
Hakuna kiti. Haikuzaliwa nacho.
Hii si ya kupakia abiria wala gunia la machungwa kutoka Muheza,
ni ya kupanda mawe ukiwa umesimama,
na mguu ukigusa chini, umehesabiwa.
Hunitazama kama mtu aliyeshonesha kanzu isiyo na mikono,
wakapita.

Ilitoka kontenani haina betri, haina kabureta,
ina kompyuta ndogo kama kiberiti
iliyozamishwa kwenye gundi nyeusi, haifunguki wala haibembelezeki.
Kiki moja, inawaka. Sailensa imetulia.
Ila ukivuta mafuta, kidogo tu,
kiasi cha kuiambia tairi panda,
inameza mate. Inakata.
Kule machimbo ya zamani ya Pongwe ilinikatia
gurudumu la mbele likiwa tayari juu ya jiwe,
nami sina cha kushika ila hewa.
Goti langu hadi leo linaijua mvua kabla ya redio.

Basi nikaanza, kama fundi aliyesoma.
Petroli nikaichuja kwa kipande cha bitana.
Pampu nikaipima, geji ikasimama palepale ilipotakiwa.
Nozeli nikaichomoa, nikaitazama ikipuliza ndani ya glasi ya chai:
ukungu mwembamba, mzuri, wa kutiwa kwenye mrashi.
Sensa ya mkono wa mafuta: volti zikapanda bila kurukaruka.
Soketi moja ilikuwa na kutu ya kijani, chumvi yetu hii
inayokula hata misumari ya bati;
nikaisugua kwa mswaki mkuukuu.
Bado ikameza mate.

Hapo ndipo nilipokosea.
Nikaazima kompyuta ya Shekue, mchapa barua wa karibu na mahakama,
nikaingia kwenye jedwali,
visanduku juu ya visanduku, kila kimoja tone lake la mafuta,
nikaanza kuongeza. Tatu kwa mia hapa. Tano pale.
Wiki mbili, kila baada ya isha, mbu wakinisomea.
Ikakubali. Karibu ikubali.
Asubuhi inakubali, mchana joto likipanda inakataa,
nami naongeza tena,
kama atiaye sukari kwenye chai iliyoingia chumvi.

Mwanamkuu alikuwa kwenye sare za shule, pindo la thelathini na ngapi.
Akasimamisha cherehani.
"Hiyo inapiga mluzi."
Mluzi gani?
"Ukiachia mafuta. Mwembamba. Kama bibi mwenye pengo akitaja sabuni."
Halafu, bila kuinua macho:
"Mimi uzi ukikatika sikimbilii kukaza skrubu.
Kwanza natazama sindano."

Nikakoroga sabuni kwenye kopo, nikapaka mpira
unaounganisha koo la hewa na injini.
Povu halikufura. Lilinyonywa,
na injini ikabadili sauti kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.
Ufa. Chini, upande usioonekana,
mrefu kama ukucha wa kidole cha mwisho.
Hewa isiyoandikwa popote ilikuwa ikipita humo,
na kompyuta, maskini, ikipiga hesabu sahihi
ya hewa ambayo haikuwa yote.

Mpira mpya uko Ulaya. Wa kwangu ni wa rejeta ya Fuso,
umekatwa kwa kisu cha jikoni, kleipu mbili.
Nikapiga kiki. Moshi mweusi.
Plagi ikatoka kama tako la sufuria ya kuni.
Wema wangu wote wa wiki mbili, sasa ndio ugonjwa.
Nikarudi nyuma, kisanduku kwa kisanduku,
toa tano, toa tatu,
na kila namba niliyoifuta niliukumbuka usiku wake.
Nilibakiza moja kwa mia mahali pamoja.
Sina sababu. Inapenda hivyo.

Jumapili, Pongwe, jiwe lile lile.
Nikavuta mafuta kiasi cha kufunua ukurasa.
Tairi ikapanda,
nami juu kule nikasimama,
maana hakuna pa kukaa.